Tarehe ya Kweli na Tarehe ya Karatasi



Katika mafundisho juu ya amri ya saba na ya nane, swali moja limekuwa likirudi, nalo halimo katika kile kitabu kidogo tunachokikariri. Mtu amefanya kazi ya mapatano. Analetewa karatasi yenye tarehe isiyo ya kweli, anaambiwa aitie sahihi. Afanyeje?

Wengine hujibu upesi ya kuwa tarehe ni jambo dogo, kazi ya makarani. Watoto wetu wa darasa la pili nao hudhani hivyo, kwani kila asubuhi huiandika juu ya daftari kana kwamba ni pambo la ukurasa. Lakini tarehe ni ushuhuda. Anayeiandika anasema: siku hii jambo hili lilitendeka. Basi yaweza kuwa kweli, na yaweza kuwa uongo.

Jambo hili latugusa sana sisi wa Masisi na Walikale. Kwetu ni wachache wapatao mshahara wa mwezi. Wengi hulima, na pengine hupata kazi ya muda kwa shirika fulani: kutengeneza daraja la miti, kufyatua matofali ya zahanati, kuchonga madawati ya shule, kuandika majina ya jamaa waliokimbia vita. Kazi ikiisha, mapatano yameisha. Ofisi ya shirika iko Goma au mbali zaidi. Fedha zatoka ng'ambo. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa. Na njia ya kutoka Sake kupanda Masisi, hata Nyabiondo na Kashebere kuelekea Walikale, hukatika kwa mvua na kwa vita. Kwa hiyo mara nyingi kazi hutangulia na karatasi hufuata nyuma. Hapo ndipo ugomvi wa tarehe huzaliwa.

Tuseme yuko fundi seremala. Shirika lamwita kwa simu na kumwambia: tengeneza madawati 60 kwa siku 30, kuanzia tarehe 1 Julai, mbao tutazileta sisi. Fundi akubali, aache kazi nyingine, atafute vijana wawili wa kumsaidia. Mbao zafika tarehe 14. Tarehe 20 aja mjumbe wa shirika na karatasi. Humo imeandikwa ya kuwa mapatano yalitiwa sahihi tarehe 1, ya kuwa kazi itakwisha tarehe 30, na ya kuwa kila siku ya kuchelewa itapunguza malipo. Mjumbe asema: "Bwana fundi, tia sahihi hapa, uandike tarehe 1. Ofisi haipokei tarehe nyingine." Fundi ahesabu: madawati 12 yako tayari, 48 bado, na siku zilizobaki katika karatasi ni 10.

Tukifungue kifundo hiki taratibu. Mapatano yalizaliwa lini? Yalizaliwa siku ile watu wawili walipokubaliana neno moja, hata kama walikubaliana kwa simu. Karatasi ni shahidi wa mapatano. Siyo mama yake. Katekisimu ya Eklezia Katoliki, katika mafundisho ya amri ya saba, yatuambia ya kuwa ahadi zishikwe na mapatano yatimizwe kwa uaminifu, maadamu jambo lililoahidiwa ni la haki. Sheria ya nchi yetu juu ya mapatano, iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888 na ambayo mahakama zetu zaitumia hata leo, yafundisha vivyo hivyo katika kifungu cha 33: mapatano yaliyofanywa kwa halali huwa kama sheria kwa wale waliopatana, nayo sharti yatimizwe kwa nia njema. Basi aliyeahidi mbao kwa tarehe 1 akazileta tarehe 14, hawezi kwa nia njema kumdai fundi siku 13 alizozila yeye mwenyewe. Zile siku 30 za fundi zaanza siku mbao zilipomfikia, nazo zakwisha tarehe 12 Agosti. Hesabu hii mtoto wa shule aiweza.

Kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho kati ya Maandiko Matakatifu, kina habari ya mapatano mawili, nami napenda kuwasomea wakatekumeni habari hiyo kila mwaka. Tobiti aliweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, katika mji wa Rage wa Media. Wakaandika hati, wakaigawa sehemu mbili, kila mmoja akashika yake. Miaka 20 ikapita. Tobiti akawa kipofu na maskini, akamtuma mwanawe Tobia kuichukua ile fedha. Hati ilipoonyeshwa, Gabaeli alitoa mifuko, na mihuri yake ilikuwa bado haijavunjwa. Miaka 20, na hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nusu yake ya karatasi na dhamiri iliyo nzima.

Mapatano ya pili ni ya kazi. Tobia hakuijua njia, ikabidi atafutiwe mwenzi wa safari wa kulipwa. Mwenzi huyo alikuwa Malaika Rafaeli, ila wao hawakumtambua. Tobiti hakumwambia: nenda tu, tutaonana ukirudi. Alitaja ujira waziwazi, drakma moja kwa siku na matumizi ya njiani, akaahidi nyongeza wakirudi salama. Kisha safari ikachelewa. Tobia alimwoa Sara huko Ekbatana, na karamu ya arusi ikawekwa siku 14. Nyumbani mzee alikuwa akihesabu siku za kwenda na siku za kurudi, zikapita, moyo wake ukafadhaika. Waliporudi, je, alisema ya kuwa siku za arusi hazikuwamo katika mapatano? Yeye mwenyewe alimwita mwanawe na kumkumbusha amlipe mwenzake ujira, tena aongeze. Wakakubaliana kumpa nusu ya vyote vilivyoletwa. Malaika hana haja ya drakma, bila shaka. Lakini Tobiti hakujua kwamba ni malaika. Alijua tu kwamba ni mtu aliyekodiwa, ambaye siku zake zilitumika kwa ajili ya nyumba ile.

Sasa turudi kwa yule mjumbe na karatasi yake. Anaomba fundi aandike tarehe 1 siku ya tarehe 20. Mtasema: kuna ubaya gani, kwani kweli walipatana kabla ya tarehe 1? Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Si uongo kuandika: "Tumetia sahihi leo tarehe 20 Julai, mapatano haya yanahesabiwa tangu tarehe 1." Maneno hayo ni ya kweli yote mawili, na makarani wengi waaminifu huandika hivyo. Uongo ni kuandika kwamba mkono wangu ulishika kalamu siku ambayo haukuishika. Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo, na karatasi ya namna hii itasomwa na watu walio mbali wasioweza kuuliza: aliyetoa fedha, mkaguzi wa hesabu, pengine hakimu. Wote wataamini sahihi ya fundi. Nayo sahihi hiyo itamshuhudia nani? Itamshuhudia fundi mwenyewe, ya kwamba alikuwa na siku 30 nzima na kazi hakuimaliza.

Fundi amjibu mjumbe kwa adabu: "Bwana, karatasi sikatai. Niruhusu niandike tarehe ya leo kando ya jina langu, na tuongeze mstari mmoja kwamba mbao zilifika tarehe 14." Kama hajui Kifaransa, aombe asomewe kwa Kiswahili mbele ya mtu mwingine kabla ya kutia sahihi, tena apewe nakala yake, kama Tobiti alivyoshika nusu ya hati. Mjumbe mwema hataona haya.

Na mjumbe akikataa? Akisema: tia sahihi au nimpe kazi mwingine? Hapa ndipo penye uzito, nami sitaki kuwadanganya kwa maneno mepesi. Fundi ana watoto, na vijana wawili wanangoja ujira wao. Uongo haugeuki kuwa kweli kwa sababu ya njaa. Lakini Eklezia yafundisha pia ya kuwa hofu na kulazimishwa huweza kupunguza kosa la mtu, hata kuliondoa. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya tarehe 15 Mei 1891, alieleza kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu na bila haki, ijapokuwa amesema ndiyo. Basi mzigo ulio mkubwa uko juu ya yule aliyemfunga hivyo. Hata hivyo nasema: heri fundi apoteze kazi ya madawati kuliko kuzoea kuuza sahihi yake, kwani akiisha kuiuza mara moja, wataijia tena. Aliyekwisha kutia sahihi kwa hofu asikate tamaa. Na aandike siku ileile, katika daftari lake na mbele ya shahidi, jinsi mambo yalivyokuwa.

Wako wanaodhani ya kuwa mkristu mpole hadai haki yake. Sivyo. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe ametuonyesha njia ya kwenda kwa ndugu aliyekosa: kwanza peke yako, kisha na mmoja au wawili wengine, halafu mbele ya jumuiya. Njia hii yafaa pia kwa ugomvi wa tarehe. Mwanzo nenda kwa yule mliyepatana naye, usianze kwa kupiga kelele sokoni. Chukua daftari ulimoandika kila siku: leo mbao zimefika, leo tumefanya kazi, leo mvua imetuzuia. Ujumbe wa simu usiufute, kwani unashika siku na saa. Asiposikia, rudi na shahidi aliyeziona mbao zikishushwa. Asiposikia tena, waendee wakubwa wake kwa barua, au wazee, au Tume ya Haki na Amani ya Kanisa, na mwisho mahakama.

Kibarua, yaani yule anayefanya kazi chini ya msimamizi kwa ujira wa siku, ana ulinzi mwingine ambao fundi wa mapatano hana. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba mtu aliyekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mapatano yasiyo na mwisho uliowekwa. Ndiyo sababu wako wasimamizi wanaowaandika watu siku 21, kisha wanabadili jina katika orodha, na mtu yuleyule yuko palepale na jembe lake. Tena sheria hiyo yasema kwamba mapatano ya kazi yasipoandikwa, yanadhaniwa kuwa hayana mwisho uliowekwa, mpaka ithibitishwe vingine. Ugomvi wa kibarua hupelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi wa serikali, ili apatanishe, kabla ya kufika mahakamani. Najua, ofisi hiyo pengine iko mbali, na pengine vita imeifunga. Hata hivyo ni vema kujua haki iliyoko, kusudi mtu asidhani kwamba anaomba sadaka.

Msimamizi mmoja hujitetea kwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu: bwana wa shamba, asema, alilipa alivyopenda. Asome vizuri. Walioanza alfajiri walipewa dinari yao yote waliyopatana, tena jioni ileile. Bwana yule aliwazidishia walioitwa saa kumi na moja. Hakumpunguzia mtu hata mmoja. Kuwanyima wafanyakazi ujira wao ni mojawapo ya dhambi zile ambazo kilio chake, kama Eklezia ifundishavyo, chapanda mpaka mbinguni.

Lakini wafanyakazi nao wajichunguze. Kuna anayelipwa kwa siku akaifanya kazi ya siku mbili kuwa ya siku tano. Kuna anayeandika katika orodha siku aliyokwenda kilioni. Hiyo pia ni tarehe ya uongo.

Limebaki swali lililoulizwa na mama mmoja, nalo ni gumu kuliko yote. Fundi amepokea malipo ya kwanza kwa madawati 20. Amemaliza 12. Vita yaja, akimbia na jamaa yake mpaka Sake. Mbao zilizobaki zaungua. Shirika nalo limefunga ofisi. Je, ana deni? Mbao zilikuwa mali ya shirika. Zimeungua bila kosa lake, naye hazilipi. Madawati 12 aliyafanya, na ujira wake ni halali hata kama hayapo tena. Ujira wa yale manane ambayo hakuyagusa si wake. Kama ameutumia kuwalisha watoto njiani, hakuiba, lakini anadaiwa, naye atarudisha atakapoweza, kidogokidogo, au atayachonga yale manane watakaporudi. Na shirika, likiwa lilibaki na deni kwa vijana wake wawili, lina anwani zao na nambari za simu zao. Lililipe kutoka hukohuko lilikokimbilia.