Wivu au Haki? Tukiwatazama Waliopokewa Upesi



Katika vikundi vyetu vya maombi, hapa Nakivale na kwa ndugu wanaoishi Mbarara na Bwizibwera, kuna swali linalorudi mara kwa mara. Kwa nini wakimbizi wa Ukraine walifunguliwa mlango wa Ulaya kwa siku chache, na sisi tunahesabu miaka? Na je, kuuliza hivyo ni dhambi ya wivu? Si vizuri swali hili libaki la kunong'onezana tukitoka ibadani. Tulitazame pamoja.

Kwanza tujue mambo yalivyokuwa. Vita kubwa ya Ukraine ilianza tarehe 24 Februari 2022. Siku nane baadaye, tarehe 4 Machi, Umoja wa Ulaya uliamua kutumia sheria yake ya ulinzi wa muda. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 2001, baada ya vita vya Bosnia na Kosovo, na ilikuwa haijatumika hata mara moja, hata Wasyria walipofika kwa wingi mwaka 2015. Aliyekimbia Ukraine hakutakiwa kueleza mbele ya maafisa jinsi yeye binafsi alivyoteswa. Alionyesha kwamba ni mtu wa Ukraine na kwamba aliishi huko vita ilipoanza. Akaandikishwa, akapewa ruhusa ya kukaa, kufanya kazi, kusomesha watoto na kutibiwa. Zaidi ya watu milioni 4 wamelindwa hivyo.

Siku zile zile, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Ukraine walizuiwa mipakani, na tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ukalaani jambo hilo. Basi anayesema kwamba watu walipimwa kwa vipimo viwili hasemi uongo.

Sasa tufungue Mathayo 20. Mwenye shamba aliwalipa walioanza kazi saa kumi na moja sawa na walioanza alfajiri, na wale wa kwanza wakanung'unika. Mara nyingi mfano huu huhubiriwa ili wanaongoja wanyamaze. Lakini tuangalie: wale wa kwanza walikuwa na dinari yao mkononi. Kilichowachoma ni wema aliotendewa mwingine. Mkimbizi aliyengoja miaka kumi na tano bila suluhisho hajapata dinari yake bado. Yeye amefanana zaidi na mjane wa Luka 18, aliyemrudia hakimu bila kuchoka, na Yesu hakumkemea mjane yule.

Tofauti ni hii: mwenye wivu hufurahi jirani akinyang'anywa. Mwenye kudai haki husema, mpe yeye, unipe na mimi. Tujipime. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi za Wakongomani zilizokwisha kuhojiwa zikabaki njiani. Mwezi huo huo ilisimamisha pia mpango wake wa kuwapokea Waukraine. Tuliposikia habari hii ya pili, moyo ulisema nini? Aliyesema "afadhali na wao waonje", huo ndio wivu. Mama wa Kharkiv aliyelala chini ya ardhi kwa kuogopa mabomu hakuchukua nafasi ya mama wa Masisi. Hata ulinzi wake Ulaya huongezwa kwa vipande. Nyongeza iliyoamuliwa mwaka 2025 inafika tarehe 4 Machi 2027. Yeye pia hajui kesho yake.

Lipo jambo la karibu zaidi. Wengi wetu tuliotoka mashariki ya Congo tulipokewa Uganda kama kundi, kwa sababu ya vita vinavyojulikana. Ndugu kutoka Rwanda na Ethiopia wameitwa mmoja mmoja, habari zao zikapimwa na kamati, na wengine wakakataliwa. Warundi walipokewa kama kundi kuanzia mwaka 2015, kisha mwaka 2017 utaratibu huo ukaondolewa. Kwa hiyo mlango wa haraka hatuujui kwa kusikia tu. Wengi wetu tumeupitia, na jirani yetu akabaki nje. Je, tulimsindikiza siku alipoitwa? Au tulimwuliza kwa dharau, nchi yako ina amani, unatafuta nini hapa?

Tukidai Ulaya itupime kwa kipimo walichopimiwa wengine, tunadai haki, na tusione haya kuidai. Kilichowezekana Machi 2022 kinawezekana tena. Lakini ombi hilo litatoka vizuri kinywani mwetu ikiwa sisi wenyewe hatumpimi jirani kwa kabila lake wala kwa nchi aliyotoka. Juma hili, kila kikundi kimtembelee mmoja anayengoja jibu la kamati, na katika maombi tuwataje watu wa Ukraine pamoja na watu wetu wa Kivu na Ituri.

Bwana awalinde wote walio njiani. Amina.