Kumkumbuka Baba ni Kufanya Nini?

Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Wazee wetu wanapokuwa hai, amri hiyo ni nyepesi kuielewa: tunawatii, tunawalisha, tunawauguza. Lakini baba akiisha kufa, na babu kabla yake, heshima hiyo yabaki wapi? Twawaombea, twafyeka majani juu ya kaburi. Je, yatosha? Tena wengine kati yenu mnalo swali lenye kuchoma zaidi. Ndugu zenu wawaambia: «Ninyi mmejifunza kusoma, mmeshika mafundisho mapya, basi mmeiacha njia ya baba zenu.» Neno hilo lauma, nalo lataka jibu.

Watu hujibu kwa namna mbili. Wa kwanza husema: kumkumbuka baba ni kukanyaga pale pale alipokanyaga. Alikuwa mvuvi? Uwe mvuvi. Alitega mitego? Uitege wewe pia, mahali pale pale. Wa pili husema: mzee amekufa pamoja na mambo yake, dunia ya leo ni nyingine. Wote wawili wamekosa kwa sababu moja. Waitazama kazi ya mikono ya baba, hawatazami alichokipenda moyoni. Tuchukue mfano wa watu watatu, babu, baba na mwana, ambao habari zao zajulikana katika nchi nyingi.

Babu ni Auguste Piccard, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1884, mwalimu wa fizika katika chuo kikuu cha Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Alitaka kuchunguza miali isiyoonekana kwa macho, itokayo mbali sana angani. Hakuridhika kukaa chumbani na vitabu vyake. Alitengeneza puto kubwa lililojaa hewa nyepesi, na chini yake akafunga chumba cha alumini, mviringo kama chungu kilichozibwa pande zote, ili watu wapate kupumua mahali ambapo hewa ni haba. Tarehe 27 Mei 1931 alipanda pamoja na msaidizi wake, Paul Kipfer, hadi mita 15,781, yaani mara tatu ya urefu wa mlima Ruwenzori. Walipokuwa wakipanda, hewa ya chumbani ilianza kuvuja. Akaziba tundu kwa vaselini na nyuzi alizokuwa ameziweka tayari. Kisha kamba ya kushushia puto ikakwama. Ikawabidi kungoja mpaka ubaridi wa jioni uwashushe, wakatua juu ya barafu katika milima ya Austria.

Huyu aliyepanda juu akaanza kuwaza habari za chini. Aliona kwamba kanuni ni ile ile. Puto hupanda kwa sababu lina hewa nyepesi kuliko hewa ya nje. Basi chombo chenye tangi kubwa la petroli, iliyo nyepesi kuliko maji, chaweza kuzama kwa uzito wa vyuma, na kupanda tena kikiviacha vyuma hivyo chini.

Mwanawe, Jacques, alikuwa amesoma mambo ya uchumi, hakusoma fizika. Hata hivyo alikuja kumsaidia baba yake. Mwaka 1953 wawili hao waliingia pamoja katika chombo walichokiita Trieste, baba akiwa na miaka 69, wakashuka mita 3,150 katika bahari ya Italia. Tarehe 23 Januari 1960 Jacques alishuka na Don Walsh, ofisa wa jeshi la bahari la Marekani, hata chini kabisa katika shimo la Mariana la bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900. Ziwa letu la Tanganyika, ambalo wavuvi wetu huliogopa kwa kina chake, lina mita 1,470 tu. Huko chini maji yakandamiza kila mahali penye upana wa ukucha kwa uzito upitao kilo 1,000. Auguste alikuwa hai bado kuisikia habari hiyo. Alikufa mwaka 1962.

Wa tatu ni Bertrand, mwana wa Jacques. Babu yake alipokufa, yeye alikuwa na miaka minne tu. Mtoto wa umri huo hashiki mengi. Yafaa baba amsimulie. Bertrand alijifunza uganga wa magonjwa ya akili. Hata hivyo, mwezi wa Machi 1999, baada ya kujaribu mara mbili na kushindwa, aliizunguka dunia yote kwa puto pamoja na Mwingereza Brian Jones, pasipo kutua, kwa siku 19 na zaidi. Aliposhuka katika nchi ya Misri, gesi ya kuwasha moto ilikuwa karibu kwisha. Jambo hilo lilimtia wazo la kuruka pasipo kuchoma kitu chochote. Miaka 2015 na 2016 yeye na mwenzake André Borschberg walipokezana ndege iliyoendeshwa kwa nguvu ya jua tu, wakaizunguka dunia kwa vituo.

Basi, tupime. Babu alikwenda juu, baba alikwenda chini, mwana alizunguka. Je, nani aliiacha njia ya mzee wake? Hakuna hata mmoja, wala hakuna aliyekanyaga katika nyayo za mwenziwe. Walichorithishana ni hamu ya kujua, bidii ya kutengeneza, na moyo wa kutoka nje kuviona viumbe mahali vilipo.

Kuna fundisho jingine. Jacques alisema kwamba kule chini kabisa alimwona samaki bapa. Wataalamu waliofuata walitia shaka sana, maana samaki hawajaonekana katika kina kikubwa hivyo; labda alikuwa mnyama mwingine wa bahari. Je, kusema hivyo ni kumdharau? Hata kidogo. Aliyependa ukweli huheshimiwa kwa ukweli. Kumsahihisha mzee kwa adabu ni tofauti kabisa na kumcheka.

Mtasema: «Hao walikuwa na fedha na mitambo, sisi tuna nini?» Tuna wazee. Babu zetu wengi walijua mti upi hutoa dawa na upi hutoa sumu, ndege yupi humwongoza mtu kwenye asali, na siku gani baada ya mvua za kwanza kumbikumbi wataruka. Hawakuyapata hayo katika usingizi. Waliyapata kwa kutazama kwa saburi, mwaka baada ya mwaka. Shuleni twaambiwa sababu: kumbikumbi hutoka kuoana na kuanzisha makao mapya, na udongo uliolowa ni laini kuchimba. Babu aliijua siku, mjukuu anaijua sababu. Elimu ya mjukuu haikuifuta ile ya babu, imeiendeleza. Lakini kama mjukuu aona haya kumwuliza mzee, siku itazikwa pamoja na mzee, na mjukuu atabaki na sababu ya jambo asilolijua.

Kwa hiyo, ninyi mnaoambiwa kwamba mmeiacha njia ya baba zenu, msijibu kwa hasira. Jiulizeni kwanza: baba alipenda nini? Kama alipenda ukweli, haki na kazi njema, nanyi mnavitafuta hivyo hivyo, hamkumwacha. Baba aliyeitafuta kweli porini haachwi na mwana anayeitafuta kweli kitabuni. Na kama alikuwa na desturi isiyo njema, muiache pasipo matukano, mkishika yale mema aliyowapa.

Kisha fanyeni jambo moja. Chukueni daftari, mwende kwa mzee aliye hai bado, mketi chini mbele yake. Mwombeni awatajie miti kumi na kazi zake. Andikeni majina, kisha mwende naye mkaione. Mkirudi, wasimulieni watoto wenu yale mliyoyaona, na jina la yule aliyewaonyesha.