Njaa ya Mshukiwa

Nikisikia Mahakama Kuu imefungia mtu akaunti zenye mamilioni, mimi hufurahi kwanza. Niliacha chuo kwa kukosa karo, na sitajifanya eti sina kinyongo na wezi wa pesa za umma. Lakini juzi niliisoma Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya 2009, na furaha ikapungua.

Agizo la kuzuia mali huombwa mwenyewe akiwa hayupo, halafu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kudumu siku 90. Hapo sina neno. Ukimpigia simu kwanza, pesa zitahama kabla hujakata.

Kinachonikera ni mlango wa kutokea. Upo. Aliyeathiriwa anaweza kuomba agizo lilegezwe au lifutwe, bora aonyeshe kwamba limemnyima riziki ya kawaida, na tena kwamba dhiki yake ni nzito kuliko hatari ya mali kufichwa. Yaani jaji anapima njaa kwa mizani.

Na njaa ya nani? Rafiki yangu alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Akaunti za mdosi zikafungwa, na mshahara wake wa mwezi ukakwama humo. Naye pia ameathiriwa, si ndiyo? Sasa wakili, hati ya kiapo, nauli ya Milimani, vyote vitoke wapi? Mdosi alikuwa na wakili. Yeye alikuwa na landilodi.

Kuna wanaosema pesa ziachiliwe tu, kwa sababu mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Sikubaliani nao. Kesi ya kutaifisha huifuata mali yenyewe; hata mtu akishinda kesi ya jinai, mali inaweza kwenda. Na Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyobainika kupatikana kwa njia haramu. Ila soma hilo neno tena: iliyobainika. Ndani ya zile siku 90 hakuna kilichobainika bado.

Basi wanaojua kufuata shilingi mpaka akaunti ya tano wanaweza pia kusoma orodha ya mishahara. Siku wanayoomba zuio, waombe papo hapo ruhusa ya kuwalipa waliokwisha kufanya kazi. Najua mwizi anaweza kuandika wafanyakazi hewa. Wakaguliwe, rekodi za NSSF zipo. Mdosi naye aendelee kujieleza kortini.