Mtu wa Jioni na Mtu wa Usiku

"Niko sawa," husema dereva akitoka baa, na mara nyingi hadanganyi. Anaamini hivyo kwa dhati, na hapo ndipo penye ugumu. Pombe haingoji miguu ilegee. Hutangulia kuvuruga ile sehemu ya akili inayopima hatari na kumzuia mtu. Anayeulizwa kama dereva amelewa ni dereva huyohuyo. Tena pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya glasi ya mwisho, hivyo aliyejiona mzima mlangoni huenda akalewa zaidi akiwa njiani. Kahawa itamfumbua macho tu. Ini lina mwendo wake, halikimbizwi.

Basi kama hawezi kujipima, tunamlaumu kwa lipi?

Swali hili ni la kale. Pittacus, aliyetawala mji wa Kigiriki wa Mytilene yapata miaka 2,600 iliyopita, alitunga sheria kwamba akosaye akiwa mlevi aadhibiwe zaidi ya asiyelewa. Aristotle naye aliona adhabu maradufu kwa mlevi ni haki, kwa kuwa kutojua kwake kumetokana na yeye mwenyewe: aliweza kujizuia asilewe.

Mimi ningelirudisha kosa nyuma zaidi. Halitendeki saa sita usiku, gari linapoyumba. Hutendeka saa kumi na mbili jioni, mtu anapotia ufunguo mfukoni huku akijua anakwenda kukata maji. Huyo wa jioni ana akili timamu, naye ndiye anayekabidhi roho za wapita njia kwa mtu wa usiku ambaye, angemkuta barabarani, asingemwazima hata baiskeli. Kwa hiyo rafiki anayemnyang'anya ufunguo baadaye, na kutukanwa kwa hilo, hamwingilii uhuru wake. Anaitii akili timamu ya yule wa jioni kuliko mwenyewe alivyoitii.

Lakini si kila mtu wa jioni anayewaza roho hizo. Polisi wa Kenya walipoingiza kipimo cha ulevi cha Alcoblow barabarani mwaka 2013, wanywaji wa Nairobi walijifunza upesi kupashana habari kizuizi kiko wapi. Waliogopa kipimo, si kugonga mtu.

Mwanafalsafa Thomas Nagel alimtaja dereva mlevi ambaye gari lake linapanda njia ya waendao kwa miguu: pasipokuwa na mtu, ana bahati, kwani angekuwepo, lawama ingekuwa nyingine kabisa. Bahati hiyo tunaizoea mno. Kesho yake anasimulia, "Hata sijui nilifikaje nyumbani," na meza nzima inacheka. Alichofanya yeye ndicho alichofanya yule aliyeko mahabusu kwa kugonga mtu. Tofauti ni kwamba usiku ule hakuna aliyekuwa akivuka.