Kikokotoo cha dola 10

Ndugu zangu Waislamu, mwaka 2021 programu ya kikokotoo ilianza kuuzwa kwa takriban dola 10 katika duka la mtandaoni la mashine ya michezo ya Nintendo Switch. Kikokotoo! Kitu ambacho kimo bure katika simu zetu.

Muuzaji atasema bei ilikuwa wazi, hakumlazimisha mtu. Ni kweli, na Mtume (s.a.w.) alikataa kuwapangia watu bei. Lakini anayebonyeza 'nunua' mara nyingi ni mtoto, na fedha ni za mzazi.

Nami nakiri: nilimpa mwanangu mashine kabla ya kumfundisha israfu ni nini. Siku ya Kiyama nitaulizwa mimi, si yeye, mali ile ilitumikaje. Tuwafunze kwanza, kadi baadaye.

Wabillahi tawfiq.