Sauti Nyingi Mbele za Mungu



Mwaka 1988 Vatikani iliidhinisha misa ya majimbo Katoliki ya Zaire, Kongo ya leo. Humo padri na wahudumu hucheza wakiizunguka altare, ngoma zinalia, na mababu wenye moyo mnyofu hualikwa wawe pamoja na kusanyiko. Toba huja baada ya mahubiri, watu wakiwa wameshalisikia Neno. Napenda sana mpangilio huo. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliiadhimisha misa hiyo Vatikani, katika Basilika ya Mtakatifu Petro.

Lakini kwa Wasabato wengi, ngoma hutaisikia. Sauti za kwaya zinatosha. Mlutheri anafuata liturjia kitabuni. Mpentekoste anapaza sauti pamoja na wenzake wote kwa wakati mmoja. Na bado tunasikia: wale wamekufa kiroho, hawa wana kelele tu. Maneno hayo yananiumiza.

Katika Biblia, Mikali alimdharau mumewe Daudi kwa kucheza mbele ya sanduku la agano. Kuhani Eli naye alimwona Hana akisali, midomo ikitikisika bila sauti, akadhani amelewa. Mmoja alihukumiwa kwa shangwe yake, mwingine kwa ukimya wake. Ila Eli alisikiliza maelezo ya yule mama, kisha akambariki.

Jirani yako anasali wapi? Mwombe Jumapili hii akueleze kwa nini kanisani kwake wanaabudu vile, nawe umsikilize mpaka amalize.