Kufumba na Kufumbua: Maadili ya Safari Isiyo na Njia

Makala haya yanachunguza usemi "kufumba na kufumbua" pamoja na swali la kimaadili lililomo ndani yake: je, anayefika bila kupita njiani amesafiri?

Kimofolojia, fumbua ni kinyume cha fumba, kama fungua ilivyo kwa funga. La kuzingatiwa ni kwamba usemi huu hauna kitenzi chochote cha mwendo. Miguu haitajwi, macho ndiyo yanayodokezwa. Katika ngano, jini humwamuru shujaa afumbe macho. Akiyafumbua, yuko ng'ambo ya bahari saba. Safari nzima imemezwa na kiunganishi "na".

Hata hivyo, fasihi hiyo haiihukumu kasi yenyewe. Miraji ya Mtume, iliyotungiwa tenzi katika upwa wa Afrika Mashariki, hutukuzwa kuwa muujiza. Mchawi arukaye kwa ungo hulaaniwa. Wote wawili huushinda umbali kwa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba Mtume alirejea akasimulia aliyoyaona, ilhali mchawi huficha atokako na aendako. Kinachopimwa, basi, ni utayari wa msafiri kulijibu swali la "Habari za safari?"

Mizani hiyo hiyo yafaa kupimia matumizi ya kila siku. Endebess iko chini ya Mlima Elgon, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Suam, mpakani mwa Uganda. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ikakomea hapo. Mwenye kwenda Endebess hana budi kushika barabara. Lakini abiria ambaye matatu yake haijaondoka Kitale huweza kutamka kwenye simu, "Nimefika." Kiambishi -me- cha hali timilifu humfikisha kabla ya gurudumu kuzunguka.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni adabu ya kumtuliza mwenyeji, ambaye naye anajua kuifasiri. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo wote wawili wanaifahamu desturi. Haina uzito kwa mgonjwa anayesubiri dawa, wala kwa mzee aliyetoka kusimama kandokando ya barabara jua likitua.

Shujaa wa ngano hufumba macho yake mwenyewe; abiria huyu humfumba macho anayemngoja. Kufika upesi si kosa. Kosa ni kumfanya mwingine asiione njia iliyosalia.